Zawadi Niliyomletea Mama

Ndugu zangu, kabla sijaanza, nawaombeni msinipigie makofi. Mkipiga makofi nitaanza kuwaza kama mmepiga kwa sababu nimesema vizuri au kwa sababu mnanihurumia, na nikishaanza kuwaza hivyo sitamaliza. Mnanijua. Dada yetu mwenye nyumba hii ameniomba mara nyingi nisimame, na kila mara nilikuwa na sababu: mafua, zamu ya kiwandani, basi limechelewa. Leo sababu zimekwisha. Mwezi ujao narudi nyumbani, na yako maneno ambayo sitaki kupanda nayo ndege.

Sitamtaja mtu kwa jina. Wengi wanaohusika wamekaa hapa hapa mbele yangu, na wanajijua.

Nilifika Birmingham mwaka sabini na mbili kusomea kilimo na maendeleo ya vijiji. Kwetu ni Upare, kule juu ambako shamba limeegemea mlima na mtu akiteleza anaishia kwenye mahindi ya jirani. Mama yangu alilima mahindi, maharage na kahawa kidogo. Hakusoma. Siku ya kuondoka alinishika kidevu, akaniambia, "Usipokula huko, nitajua." Nikamuuliza atajuaje na bahari yote hiyo katikati. Akasema, "Nitajua tu."

Hapa mjini nilipokelewa na ninyi. Sebule hii, viti hivi vya kuazima, wali na maharage kila Jumapili baada ya ibada. Mchele wa duka lile la Wapakistani hapo Coventry Road, ambao kaka yetu dereva wa basi husema ni mzuri kuliko wa Mbeya ili tu atukasirishe sisi Watanzania. Dada mwenye nyumba, muuguzi, mtu wa Tanga, aliniita mdogo wangu tangu siku ya kwanza. Mimi niliyekuwa nikiogopa hata kumuuliza kondakta kituo, hapa nilikuwa na sauti.

Nilipokaribia kumaliza masomo, mwalimu wangu mmoja akaniambia anakwenda Indonesia, kisiwa cha Sulawesi, ndani kabisa milimani, kuangalia jinsi wakulima wa huko wanavyogawana kazi za mashamba ya mpunga. Alitaka msaidizi aliyekulia mlimani. Niliwaza usingizi ukapotea. Nikaja kuwauliza ninyi. Nakumbuka mlivyotazamana. Wakati ule nilidhani mnatazamana kwa furaha.

Mkaniaga hapa. Tuliimba. Kaka dereva akasema, "Sasa wewe, ukirudi na mchumba wa huko, mahari tunakula sisi, maana ndio tumekulisha!" Watu wakacheka. Dada akaingia jikoni akakaa huko kwa muda, akatoka macho mekundu. Nikamtania, "Dada, vitunguu vya Waingereza vikali." Akasema, "Vikali, mdogo wangu. Vikali kweli."

Yawekeni hayo akilini. Nitayarudia.

Kijiji chenyewe kilikuwa kidogo. Ukishuka kwenye lori unapanda kwa miguu, ukungu unakupiga usoni, halafu unaona matuta ya mpunga yamepangwa mlima mzima kama ngazi, maji yamesimama kila ngazi, na nyati wa kufugwa wamelala ndani ya tope. Nyumba zao ni za mbao, mapaa yameinuka ncha mbili kama pembe. Mkabala na kila nyumba iko ghala ya mpunga, nayo ina paa lilelile, kana kwamba mpunga nao ni mtu na anahitaji nyumba ya heshima. Mwalimu wangu aliniacha hapo, yeye akaenda bonde la pili.

Niliwekwa katika nyumba ya mama mmoja mtu mzima na binti yake. Binti alikuwa mwalimu wa shule, Kiingereza chake kilitutosha. Walikuwa watu wa sala kama sisi, tena Jumapili walinipeleka kanisani. Mama alikuwa mdogo wa umbo, mikono ya jembe. Mavuno yalikuwa yameanza. Wanawake wa kule walivuna shina moja moja, kwa kisu kidogo kinachojificha ndani ya kiganja. Ukimwona mtu kwa mbali unadhani anachuma maua. Mimi niliyetoka chuoni nilikata shina moja, wao wamemaliza mstari. Walinicheka mpaka wakakaa kwenye tope.

Lakini jambo moja lilinisumbua. Yule mama alivuna mpunga kutwa, akautwanga, akatupikia wali mimi na binti yake, halafu yeye akala mahindi na mihogo. Kila siku. Nikawaza: mchele umepungua kwa sababu yangu. Nikaanza kupunguza sahani yangu. Yeye akaniongezea. Nikapunguza tena. Tulishindana hivyo kwa siku nyingi bila neno.

Na jambo la pili. Katika chumba cha nyuma cha nyumba ile alilala baba mwenye nyumba. Binti aliniambia siku ya kwanza kwamba baba anaumwa, basi. Asubuhi mama alimpelekea sahani ya wali na kahawa. Wakitoka kwenda shambani, binti alisimama mlangoni akasema kitu kwa sauti ya kawaida. Nilimuuliza anasema nini. "Namwambia tunakwenda shamba la chini, asituwazie."

Ndugu zangu, mnajua mimi nilivyo. Nilianza kujilaumu. Nimekaa katika nyumba ya mgonjwa, nakula chakula chake, sijaingia kumjulia hali! Kwetu Upare hilo ni tusi. Nikatafuta sabuni na sukari niliyobeba, nikavaa kitenge safi, nikamwambia binti, "Naomba nimsalimie baba." Nyuso zao ziling'aa. Mama alinishika mkono mwenyewe akaniingiza.

Chumba kilikuwa na giza na harufu ya majani makali. Ukutani upande mmoja palikuwa na kitu kirefu kimeviringishwa nguo juu ya nguo, nene, kama godoro lililokunjwa. Mimi nilikuwa nimeshapiga goti. Maneno yalikuwa yameshatoka. "Shikamoo, baba."

Kimya.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikupiga kelele. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa nawaza kwamba nikipiga kelele nitawaaibisha.

Binti akaniuliza, "Umemwambia nini?"

"Ni salamu yetu. Ya mdogo kwa mkubwa."

Akamgeukia yule mzee na kumtafsiria. Kisha akaniambia, "Amefurahi."

Tulipotoka nje nikakaa kwenye ngazi za ghala. Binti akaja kukaa karibu yangu. Nikamuuliza baba amefariki lini. Akanijibu, taratibu, kama anavyofundisha watoto shuleni, kwamba baba yake alikata pumzi kabla ya mpunga ule kupandwa. Lakini kwao mtu hahesabiwi kuwa amekwenda mpaka watu wake wakusanyike wamsindikize. Mpaka hapo yeye ni mgonjwa wa nyumbani; anapewa chakula, anaambiwa habari. Na hawezi kusindikizwa, kwa sababu kaka yake, mtoto wa kwanza, anafanya kazi ya kukata magogo kisiwa kingine. Nyati wa kuchinjwa siku hiyo nao lazima wapatikane.

"Mtu azikwe mtoto wake hajafika?" aliniuliza. "Nani atafanya hivyo?"

"Na kaka yako anajua?"

Alinitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Tulimtumia mtu siku ileile. Ni baba yake."

Na wali? Mama hali wali kwa sababu mumewe hajasindikizwa. Mpunga ni chakula cha watu waliokamilika, alisema binti, na mama hajakamilika. Sijui kama kila nyumba ya kule hufanya hivyo. Mimi naeleza nyumba niliyolala.

Niliishi na yule mzee mpaka mavuno yakaisha. Nilimwamkia kila asubuhi. Mtacheka, lakini nilimzoea. Na nilimzungumzia sana yule mama habari za mama yangu, kwa sababu mikono yao ilifanana. Wakati huohuo barua moja ya baba yangu ilinifikia huko kwa taabu. Aliandika mvua, aliandika kahawa, akamaliza: mama yako anakusalimu sana.

Kisha yule mtoto wa kwanza akafika. Tulimsikia kabla ya kumwona. Alianza kulia tangu bondeni, akapanda mlima mzima akilia, mtu mzima mwenye mabega ya magogo, na njia yote watu walitoka majumbani wakamfuata. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Alipofika aliingia moja kwa moja chumba cha nyuma. Yaliyofuata sitayaeleza yote; palikuwa na damu ya nyati na tope na watu wengi na siku ndefu za mvua, na harufu ambayo mpaka leo hunirudia puani bila kuniuliza. Mzee alitolewa nje, akapelekwa penye mwamba ambako huwaweka watu wao.

Yalipokwisha, wanawake wa kijiji walimkalisha yule mama mbele ya ghala. Wakapika mchele mpya. Mmoja wao, mkubwa kuliko wote, akachota kwa mkono akamlisha tonge la kwanza. Alitafuna polepole sana. Halafu akaniita mimi, mgeni, akanipa tonge kutoka sahani yake.

Siku ya kuondoka akaniuliza kupitia binti yake, "Mama yako hajambo?"

Nikasema, "Hajambo kabisa."

Akafungua kitambaa akatoa kile kisu kidogo cha kuvunia, alichokitumia yeye mwenyewe, mpini umelainika kwa jasho lake. "Mpelekee. Mwambie mwanawe hajui kuvuna." Tukacheka wote watatu.

Nilirudi Birmingham mwezi wa kumi. Jumapili ya kwanza nikaja hapa, nimebeba kahawa yenu, na picha nilizopiga. Nikawahadithia habari za shikamoo ile. Nilitarajia mtacheka. Kaka dereva ndiye huanza, na kaka dereva alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikasema, labda nimehadithia vibaya. Nikatoa kile kisu. Nikakiweka kiganjani, nikawaonyesha jinsi kinavyojificha, nikasema, "Hiki ni cha mama. Mtu wa kwanza kati yenu kwenda nyumbani nitamkabidhi ampelekee."

Mnakumbuka kimya kile. Ninyi mnakikumbuka kwa namna yenu. Mimi nilikuwa nimeshakisikia kimya cha namna hiyo, katika chumba cha nyuma, nimepiga goti.

Dada akaja akakaa karibu nami. Mwingine akaleta maji. Mtu akazima jiko. Dada akaanza, "Mdogo wangu, unajua kazi ya Mungu..." Nikamwambia, "Usimalize."

Lakini ilibidi amalize. Mama alifariki wiki ile ya mitihani yangu. Tumbo lilimuuma siku chache, wakambeba kumpeleka hospitali, hawakufika. Kijana aliyekuja kusoma aliwaletea habari kwa mdomo, pamoja na ombi la baba: asiambiwe mpaka amalize mitihani. Nilipomaliza, safari ilikuwa imeshapangwa. Baba akasema aende kwanza. Basi mkaniacha niende. Siku ya kuniaga, tulipoimba hapa, mama yangu alikuwa amekwisha kuzikwa.

Nawaambia ukweli, sikulia. Nilikunja kile kisu ndani ya kitambaa chake, nikavaa koti, nikatoka. Dada alinifuata mpaka kituo cha basi bila viatu vya nje. Nikapanda basi bila kumtazama.

Hapo ndipo nilipoanguka.

Nilihamia Kingstanding, mbali na ninyi kwa makusudi, chumba cha juu kwa bibi mmoja mjane wa Kiingereza. Nilipata kazi Nechells, kiwanda cha kufunga skrubu na nati kwenye maboksi. Ulikuwa ule msimu wa baridi ambao umeme ulikatwakatwa na viwanda vikafanya kazi siku chache kwa wiki. Siku nyingine zote nililala juu ya kitanda na koti langu, nikirudia. Kichwa changu kinajua kurudia. Nilichukua kila Jumapili tangu wiki ile ya mitihani, nikaipitia kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Yule aliposema "usijali kitu", alikuwa anajua. Yule aliponiambia nimenenepa, alikuwa anajua. Kaka dereva alipotania mahari, alikuwa anajua, akatania. Dada na vitunguu vyake. Na baba yangu, mtu ambaye hajawahi kusema uongo hata kwa mnunuzi wa kahawa, alikaa mezani akaandika: mama yako anakusalimu sana.

Na mimi mwenyewe! Nilimwambia yule mama wa mlimani kwamba mama yangu hajambo kabisa. Nilikubali zawadi kwa niaba ya marehemu. Nikawaza: ikiwa watu wote waliokuwa wakinipenda waliweza kunitazama usoni na kucheka, basi sijui kitu chochote kuhusu uso wa mtu. Kondakta akinitabasamia, naangalia pembeni. Barua za baba sikufungua. Ninyi mlikuja mlangoni. Nilimwambia bibi mwenye nyumba aseme sipo.

Wali niliacha tangu Jumapili ile. Sikuamua. Nilinunua mchele, nikaupika, nikauweka mbele yangu, nikaufunika. Nikala mkate. Baadaye mkate nao ukawa kazi. Nguo zikaanza kunivuka. Nilikuwa nikijiambia, nitakula kesho, na kesho nikawa najiambia hivyohivyo, na nisiwafiche, kuna siku nilifikiri ingekuwa rahisi zaidi kama kesho isingefika. Nasema hivi kwa sababu huenda kuna mwingine hapa anayejiambia hivyo na anacheka na sisi.

Siku moja nikaanguka kiwandani kati ya maboksi. Wakanirudisha nyumbani kwa gari. Bibi mwenye nyumba aliniona, akasema, "Binti, mimi nimezika mume na sikujifanyia hivi. Kuna mtu wako ameniachia namba ya simu tangu mwezi wa kumi na moja. Nampigia, utake usitake."

Alasiri Dada akaja, moja kwa moja kutoka wodini, sare yake chini ya koti. Sikumfungulia. Akakaa kwenye ngazi nje ya mlango. Nilimsikia akivua viatu.

"Nimeleta wali," akasema.

"Sili wali."

"Tangu lini? Mtoto wa Kipare, aliyekuwa akila wali Krismasi kwa Krismasi, leo anaukataa?"

Nikajivutia koti mpaka kichwani.

"Sawa. Nitakula mimi. Nina njaa, nimesimama tangu asubuhi." Na kweli akala. Nilisikia kijiko. Ndugu zangu, Dada huyu! Alikula wali wangu mlangoni pangu.

Halafu, sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuwa akiuliza, nikamwambia kupitia mlango. Kwamba yule mama wa kule hakula wali mpaka mumewe aliposindikizwa. Kwamba mimi wangu hajasindikizwa. Kijiko kikasimama.

"Alizikwa vizuri, mdogo wangu. Kijiji kizima kilikuwapo."

"Mimi sikuwapo."

"Hukuwapo."

"Kule walimngoja mtoto. Walimweka baba yao ndani, wakamlisha, wakamngoja mtoto. Ninyi hamkuningoja."

Nikasikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani. Kisha akasema jambo ambalo ameniruhusu kulisema leo. "Baba yangu mimi alifariki mwaka nilioanza kazi hapa. Niliambiwa baada ya miaka miwili. Miaka miwili nilimnunulia sweta kila Krismasi, na watu wakazipokea."

Nilisimama nyuma ya mlango. "Ulifanyiwa hivyo, halafu ukanifanyia mimi?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Sikujua namna nyingine. Kila Jumapili nilisema leo namwambia. Ukiingia na zile hadithi zako, nasema, acha acheke leo. Nimefanya vibaya. Walionifanyia mimi walifanya vibaya, na mimi nimefanya vibaya."

Nikafungua mlango. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, sahani tupu mapajani, analia bila kujifuta. Nikakaa ngazi ya juu yake. Nilimwambia nililokuwa nimeliwaza miezi yote bila kulipatia maneno. Kule milimani mtu aliyekuja bila kujua angesema wale watu wanajidanganya, wanampa maiti kahawa. Lakini hakuna aliyedanganywa kule. Mtoto wa mbali aliambiwa siku ileile, na hata mimi mgeni nilipouliza nilijibiwa. Walimngojesha aliyekufa. Sisi tumemngojesha aliye hai, tena peke yake, bila kumwambia kwamba anangoja.

Dada akafikiri. Kisha akauliza swali la kiuguzi kabisa. "Na huyo mama, nani alimrudishia wali?"

"Wanawake wa kijiji. Baada ya kukusanyika."

"Basi si watu ndio wanaotakiwa?" Akasimama, akavaa viatu. "Watu ninao."

Yaliyofuata mnayajua, lakini acheni niyaseme, maana nayashukuru. Mlitoa viti vyote sebuleni humu. Mkatandika magodoro chini. Wanawake mkakaa chini pamoja nami, kanga begani, na umeme ulipokatika mkawasha mishumaa mkaendelea kuimba. Wanaume, kwa kufuata ya nyumbani, mkakaa nje kwenye ngazi za barabarani, Februari, theluji inataka kudondoka, mpaka jirani Mwingereza akafungua dirisha akauliza kama mmefungiwa nje. Kaka dereva akamjibu, "La, mzee. Tumefiwa." Yule mzee akafunga dirisha, kisha akateremka na birika la chai.

Niliposikia neno hilo, tumefiwa, likisemwa nje kwa sauti, kwa mtu asiyenijua, ndipo nilipolia. Nililia kama yule mtu wa magogo. Hakuna aliyeniambia nyamaza. Kaka dereva aliingia akapiga magoti mbele yangu akasema, "Ile siku ya mahari nilikuwa nataka kukwambia nikashindwa, ikatoka utani. Nisamehe." Nikamwambia utani wenyewe haukuwa mzuri. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka.

Na wali ulipoiva, Dada akachota kwa mkono, akanilisha tonge. Nikatafuna polepole. Lilikuwa halina chumvi. Nilisikia mtu akisema, usipokula nitajua. Sauti ilitoka kichwani mwangu tu, nami sikuitafutia maana zaidi.

Sikupona siku ile. Nisiwadanganye, maana ndiyo hoja yangu yote leo. Bado nazipitia zile Jumapili. Bado siku nyingine mkate ni kazi. Barua za baba nilizifungua moja moja, nikamjibu, na katika moja alikiri kwamba sentensi ile ya salamu aliiandika mara nyingi kabla mkono haujakubali. Nimemsamehe. Ninyi nimewasamehe. Mimi mwenyewe, nipo njiani.

Namshukuru bibi wa Kingstanding aliyepiga simu bila kuniomba ruhusa. Namshukuru mama wa mlimani na binti yake, ambao hawatasikia maneno haya. Niliwaandikia kwamba kisu hakikumkuta mwenyewe, na binti akajibu kwamba mama yake alikaa siku nzima bila kugusa wali. Kwa ajili ya mama yangu, mtu asiyemjua. Nawashukuru ninyi. Mlinikosea pamoja na mkanitengeneza pamoja.

Ninachowaomba ni kimoja. Habari zikifika za mtu wetu, mwambieni siku hiyohiyo. Awe na mtihani, awe na safari, awe na mimba. Atafeli mtihani? Afeli. Kaeni naye chini akifeli. Mtihani unarudiwa.

Sasa nimalize. Mnajua kaka yangu ameandika wiki hii kwamba baba ameumia mguu, ameteleza shambani, na kwamba anaendelea vizuri. Zamani ningesoma hivyo nikakunja barua. Sasa nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Kwa hiyo nawauliza, hapa, mbele ya wote, mara moja tu. Yuko mtu hapa anayejua zaidi ya mguu?

Dada?

Kaka?

Naangalia nyuso zenu zote. Naona mnatikisa vichwa. Naona hata watoto wanatikisa vichwa.

Haya. Nawaamini. Pakueni wali.